Talaka Haikuivunja Bendi

Kwetu Pwani mtu huitwa kwa jina la babake mpaka siku anapotiwa kaburini. Mwanamke akiolewa hubaki binti fulani. Na mwanamume akiliacha jina la ukoo wake, akajiita kwa jina la mkewe, basi habari hiyo itazungumzwa vibarazani Mji wa Kale mwaka mzima na isiishe. Lakini hivyo ndivyo alivyofanya kijana mmoja wa mji wa Detroit, Marekani, mwezi wa Septemba mwaka 1996. Wazazi wake walimpa jina la John Anthony Gillis. Alipomwoa Megan White, msichana aliyekuwa akifanya kazi mkahawani, akaliweka kando jina la Gillis, na tangu hapo akawa Jack White.

Nimeanza na jina kwa makusudi. Jina hilo la White ndilo lililokuja kutajwa redioni kutoka Marekani mpaka Ulaya na kuandikwa juu ya santuri zisizo na idadi, nalo ni jina la mke. Pamoja na hayo, katika mengi niliyoyasoma juu ya watu hawa wawili, mume ndiye anayesifiwa kwa kila kitu, na mke husemwa kwamba alikuwa amekaa nyuma tu akigonga ngoma kama mtoto. Mimi sikubaliani na maneno hayo, na leo nitaeleza kwa nini.

Najua baadhi yenu mtauliza: sisi na muziki wa roki, wapi na wapi? Ni swali la haki. Lakini kama umewahi kutazama mpira katika televisheni, basi yamkini muziki wa watu hawa umeusikia, hata kama hukujua ni wao. Nitafika hapo. Kwanza twende Detroit.

FUNDI WA MAKOCHI

Detroit ni mji wa magari. Kampuni za Ford na General Motors ziliukuza hata ilipofika mwaka 1950 ukawa na watu wapatao 1,850,000. Kisha viwanda vikaanza kufungwa na vingine kuhama, ghasia za mwaka 1967 zikazidisha msiba, wenye uwezo wakahamia nje ya mji, na sensa ya mwaka 2000 ikakuta watu 951,270 tu. Karibu nusu ya mji imekwenda zake! Mji huo ndio uliozaa kampuni mashuhuri ya santuri ya Motown, aliyoianzisha Berry Gordy mwaka 1959, lakini hata Motown yenyewe ilihamia Los Angeles mwaka 1972. Vijana waliobaki wakarithi mitaa yenye magofu, nyumba za bei rahisi na vyombo vya muziki vya mtumba.

Jack alizaliwa humo tarehe 9 Julai 1975, akiwa kitindamimba wa watoto kumi. Wazazi wake wote wawili walifanya kazi katika Kanisa Katoliki la Detroit, na yeye alipokuwa mdogo alikuwa akitumikia katika misa. Alikubaliwa hata kuingia chuo cha kusomea upadri. Sababu ya kutokwenda ameieleza mwenyewe: alikuwa ndiyo kwanza amepata amplifaya mpya, na hakudhani kwamba angeruhusiwa kwenda nayo. Wengi katika waimbaji wetu wa taarabu walianza kuzinoa sauti zao kwenye maulidi na kasida, kwa hiyo habari ya mtoto wa ibada kugeuka mwanamuziki haitawashangaza wasomaji wangu.

Chumba chake kilikuwa kidogo, na ndani mlikuwa na seti mbili za ngoma, amplifaya na mashine ya kunasa sauti. Kitanda akakitoa ili vyombo vipate nafasi, mwenyewe akawa analala sakafuni juu ya kipande cha sponji. Angalia hapo: seti mbili za ngoma. Jack hakuanza kwa gita. Alianza kwa ngoma, na mwaka 1994 alipoingia katika bendi ya watu wazima iitwayo Goober & the Peas, aliingia kama mpiga ngoma. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Riziki yake ya kwanza aliipata kwa ufundi wa makochi. Alipokuwa na umri wa miaka kama 15 alianza kujifunza kazi hiyo kwa rafiki wa familia yao, Brian Muldoon, ambaye naye alikuwa mpiga ngoma. Kazi ikiisha, fundi na mwanafunzi wake walikuwa wakipiga muziki wawili tu, gita na ngoma, mumo humo mlimojaa vitambaa na pamba. Baadaye Jack akafungua karakana yake mwenyewe, akaiita Third Man. Kila kitu chake kilikuwa cha rangi ya manjano, nyeusi na nyeupe, pamoja na gari la kubebea mizigo. Hati za malipo aliziandika kwa chaki za rangi, na ndani ya makochi, chini ya kitambaa, alikuwa akiandika mashairi. Wateja, kama mnavyoweza kukisia, hawakujua kama wamepata fundi au mwendawazimu.

Katika kazi hiyo ndipo alipopata fikra iliyomwongoza maisha yake yote. Amesimulia kwamba siku moja aliangalia kitambaa kilivyoshikizwa kwenye kochi kwa pini tatu. Akawaza kwamba tatu ndiyo idadi ndogo kabisa inayotosha: ukipunguza, kitambaa kinaachia, ukiongeza, unaongeza tu. Tangu hapo tatu ikawa hesabu yake. Sauti ya mtu, gita na ngoma. Nyekundu, nyeupe na nyeusi.

MEG ANAKAA KWENYE NGOMA

Megan, au Meg kama anavyojulikana, alizaliwa Desemba 1974 katika kitongoji cha Grosse Pointe Farms, nje kidogo ya Detroit. Walikutana katika mkahawa mmoja aliokuwa akifanya kazi, ambako Jack alikuwa akienda kusoma mashairi yake mbele ya watu. Alikuwa msichana mkimya mno, mtu wa kuitikia zaidi kuliko kusema. Hakuwa mwanamuziki wala hakuwa na nia ya kuwa mwanamuziki.

Siku moja ya kiangazi mwaka 1997 alikaa kwenye ngoma za mumewe akaanza kuzigonga, kwa mchezo tu. Basi hapa ndipo penye siri ya habari yote. Jack alikuwa anajua ngoma. Alikuwa amepiga na bendi, alikuwa na marafiki wapiga ngoma wasiopungua, na lau angetaka mtu wa mikono miepesi angempata mtaani kwake kabla ya magharibi. Lakini alipousikia mgongo ule wa mkewe, mzito, wa wazi, usio na mapambo, akasikia kitu ambacho yeye mwenyewe hangeweza tena kukifanya kwa sababu alikuwa amekwisha jifunza. Amesema tangu wakati huo kwamba upigaji ule ulimpa uhuru.

Wakaiita bendi yao The White Stripes, yaani Mistari Myeupe. Meg alipenda sana peremende zile nyeupe zenye mistari, na White lilikuwa jina lake. Majina mawili yakakutana. Mduara wa peremende ukachorwa kwenye uso wa ngoma yake kubwa, na nguo za jukwaani zikawa za rangi tatu tulizozitaja.

Mara ya kwanza kupanda jukwaani ilikuwa kiangazi hicho hicho, katika ukumbi mdogo uitwao Gold Dollar. Ulikuwa ukumbi wa ulevi, na mimi sina haja ya kuwapeleka wasomaji wangu humo. Lakini muziki wa kule mara nyingi huzaliwa katika kumbi kama hizo, kama wetu unavyozaliwa harusini, na mwandishi hana budi kusema mambo yalivyokuwa.

Sasa nieleze ni muziki wa namna gani. Asili yake ni bluzi, muziki wa Waamerika weusi wa mashamba ya pamba ya kusini, watu kama Son House na Blind Willie McTell. Jack amesema kwamba wimbo anaoupenda kuliko zote ni mmoja wa Son House ambao hauna ala hata moja: ni sauti ya mzee na makofi ya mikono yake, tena makofi yenyewe hayaendi sawasawa. Mtu aliyeupenda wimbo kama huo haishangazi kwamba aliupenda upigaji wa Meg.

Na gita lenyewe? Lilikuwa jekundu, la aina ya Airline, lililotengenezwa miaka ya 1960 na kuuzwa kwa katalogi ya duka kubwa la Montgomery Ward, duka lililouza kila kitu. Mwili wake haukuwa wa mbao bali wa plastiki ya nyuzi za kioo. Ni chombo ambacho mpigaji wa maana angempa mtoto wa jirani. Jack alilipenda kwa sababu lilikuwa gumu. Alisema anataka kupigana na gita lake mpaka alishinde. Gita la besi, ambalo katika roki ndilo nguzo ya chini, hawakuwa nalo kabisa.

Nilimpigia jirani yangu mmoja santuri yao ya kwanza. Ni mzee wa makamo, mpenzi mkubwa wa taarabu, aliyekulia kwenye kodiani, tabla na taishokoto. Alisikiliza nyimbo mbili bila ya kusema neno, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wenziwe wako wapi?" Nikamwambia hawana wenziwe, ni hawa wawili tu. Akasikiliza wa tatu. "Huyo mwenye gita anakimbia," akasema, "lakini huyo wa ngoma amemfunga kamba." Tangu siku hiyo sijasoma hukumu ya mjuzi yeyote wa Ulaya iliyonitosheleza kama hiyo.

SANTURI ELFU MOJA

Detroit ya wakati huo ilikuwa na bendi ndogo ndogo nyingi zilizopiga roki ya kishindo: The Gories waliotangulia na ambao wao pia hawakuwa na besi, The Dirtbombs, The Detroit Cobras. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walipeana vyombo, wakapeana nafasi jukwaani, na santuri zao zilitolewa na watu wa papo hapo kwa fedha zao wenyewe. Ndiyo maana muziki wa namna hii huitwa roki ya kujitegemea.

Mmoja wa watu hao alikuwa Dave Buick, mwenye kampuni ndogo iitwayo Italy Records. Aliwafuata Jack na Meg akawaambia anataka kutoa santuri yao. Jack akakataa! Alidhani kwamba yeye ndiye atakayetakiwa kulipa, naye hana fedha. Alipofahamishwa kwamba mlipaji ni Buick, akakubali mara moja. Santuri hiyo ndogo, Let's Shake Hands, ilitoka Februari 1998, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Oktoba mwaka huo huo ikafuata ya pili.

Juni 1999 wakatoa santuri kubwa ya kwanza kwa kampuni nyingine ndogo ya California, iliyokuwa na jina la dhihaka, Sympathy for the Record Industry. Waliitunukia kwa Son House. Haikuvuma. Walisafiri kufungulia bendi zilizokuwa na jina, Pavement mwaka 1999 na Sleater-Kinney mwaka 2000, wakipanda jukwaani mapema ambapo watu wengi bado wanaingia na kutafuta pa kusimama.

Santuri kubwa ya pili waliinasa nyumbani kwao, sebuleni, kwa mashine ya mikondo minane. Jina lake ni De Stijl, likiwa limechukuliwa kwa wachoraji na wajenzi wa Uholanzi wa mwaka 1917 na baada ya hapo, ambao waliamini kwamba mistari iliyonyooka na rangi chache zatosha. Fundi wa makochi alikuwa amepata ndugu zake. Mmoja wa watu wawili waliotunukiwa santuri hiyo ni Gerrit Rietveld, fundi wa Kiholanzi ambaye kiti chake cha rangi nyekundu, buluu na nyeusi kimewekwa katika majumba ya makumbusho mpaka leo.

TALAKA

Lakini kabla ya santuri hiyo kutoka, nyumba yenyewe ilikuwa imevunjika. Machi 2000 Jack na Meg waliachana kwa talaka.

Kwa desturi ya walimwengu wote, sisi na wao, hapo ndipo habari inapoisha. Kila mmoja hurudi kwao. Vyombo hugawanywa. Jack mwenyewe aliamini kwamba bendi imekufa. Walikuwa wamekwisha kubali kupiga mahali fulani mjini, na kwa kuwa ahadi ni deni, akawaomba Dave Buick na mpwawe Ben Blackwell wasimame naye jukwaani katika nafasi ya bendi. Mambo yakapangwa hivyo.

Siku yenyewe ya onyesho ilipofika, Meg akamwendea akamwambia kwamba The White Stripes haina sababu ya kufa. Akamshawishi. Wakapanda jukwaani wao wawili, kama kawaida.

Nimelifikiri jambo hili sana. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye haya, yeye ndiye aliyeingia katika muziki kwa mchezo. Lau angekaa kimya siku hiyo, na kukaa kimya ndiyo ilikuwa tabia yake, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Santuri zilizokuwa zimetoka zilikuwa chache na wazijuao ni wachache. Yale yote yaliyofuata, safari za Ulaya, tuzo, viwanja vya mpira, yalining'inia kwenye maneno ya mwanamke mkimya mchana mmoja wa mwaka 2000. Na hao wanaouliza Meg alifanya nini katika bendi ile, mimi huwajibu kwa habari hii kabla hata sijazungumzia ngoma.

De Stijl ikatoka Juni 2000, miezi mitatu baada ya talaka.

Lipo jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Kwa muda mrefu wawili hawa walikuwa wakiwaambia watu kwamba wao ni ndugu, kaka na dada. Walisema hivyo hata baada ya kuachana, mpaka mwaka 2001 hati za ndoa na talaka zilipofichuliwa na kuchapishwa. Jack alieleza mwaka 2005 kwamba watu wakiona mume na mke jukwaani huacha kusikiliza, wakaanza kutafuta ugomvi na mapenzi katika kila wimbo; wakiona ndugu, husikiliza muziki. Sababu naielewa, na kwa kweli nani asiyejua jinsi watu wanavyowachimba wanandoa? Lakini kwetu sisi mipaka ya nani ni ndugu na nani ni mke si jambo la kufanyiwa mzaha, na sitajifanya kwamba hadithi hiyo haikunichukiza nilipoijua. Naona pia kwamba ilikuwa na adhabu yake: kwa miaka mingi baadaye waandishi waliulizia cheti kuliko muziki.

SIKU NNE ZA MEMPHIS

Februari 2001 walikwenda Memphis, katika jimbo la Tennessee, wakanasa santuri ya tatu, White Blood Cells, kwa muda usiofika siku nne. Bendi kubwa za zama hizo zilikuwa zikikaa studioni mwaka mzima. Safari hii hawakupiga bluzi za wazee hata moja. Nyimbo zote zilikuwa zao.

Kiangazi cha mwaka huo wakavuka kwenda Uingereza, na mambo yakabadilika kwa ghafla mno. Mtangazaji wa BBC, marehemu John Peel, mtu aliyesikilizwa na vijana wa kule kama sisi tulivyoisikiliza Idhaa ya Kiswahili kutoka London, aliwapenda, akawaita studioni kupiga moja kwa moja na kuwasifu hewani. Kumbi za London zikajaa. Hata magazeti ya kila siku, ambayo kwa kawaida huandika juu ya wanasiasa na familia ya kifalme, yakapeleka watu kuuliza hawa wawili wenye nguo nyekundu ni nani. Waliondoka kwao watu wa mtaani, wakarudi watu wa kutafutwa.

Kampuni kubwa zikaja. Walipotia sahihi na kampuni ya V2, White Blood Cells ikatolewa upya mwaka 2002, na kwa wimbo mmoja wa haraka, usiofika hata dakika mbili, Mfaransa Michel Gondry akatengeneza filamu ndogo kwa vitofali vya watoto vya Lego. Jack amesimulia kwamba waliiomba kampuni ya Lego itoe kijisanduku cha vitofali kwa kila mnunuzi wa santuri, mtu aweze kujijengea mwanamume na mwanamke wa rangi tatu. Kampuni ikakataa. Filamu ilipopendwa na kila mtu, kampuni ikarudi kuuliza kama bado wanataka. Zamu hii waliokataa ni wao. Filamu hiyo ilipata tuzo tatu za MTV mwaka huo huo.

Mtu angedhani kwamba sasa, fedha zikiwa zimepatikana, wangenunua mashine mpya na kuajiri mpiga besi. Wapi! Mwaka 2002 walikwenda katika studio ndogo ya Toe Rag, mtaa wa Hackney, London, ambayo mwenyewe Liam Watson alikuwa ameijaza mashine kongwe, na wakatangaza kwamba hakuna chombo kilichotumika ambacho ni kipya kuliko mwaka 1963. Mikondo ilikuwa minane, kama ile ya sebuleni. Kompyuta haikuguswa. Kazi ikachukua majuma mawili hivi, na santuri hiyo, Elephant, ilipotoka Aprili 2003 ilishika nafasi ya kwanza Uingereza.

Wimbo wake wa kwanza uliitwa Seven Nation Army. Jina ni kosa la mtoto: Jack alipokuwa mdogo hivyo ndivyo alivyosikia jina la Salvation Army, Jeshi la Wokovu. Kiini cha wimbo ni sauti saba tu zinazorudiwa, alizozipata mwanzoni mwa mwaka 2002 walipokuwa wakijaribu vyombo kabla ya onyesho mjini Melbourne, Australia. Wengi hudhani ni besi. Ni gita la kawaida, likipitishwa kwenye kikanyagio kinachoishusha sauti yake. Na chini yake yuko Meg, anatwanga. Siwezi kupata neno jingine. Ni kinu na mchi: hakuna pambo, hakuna haraka, na ukiondoa pigo moja tu unga haupatikani.

Sasa mpira. Tarehe 22 Oktoba 2003 mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji walikuwa Milan kuitazama timu yao ikicheza na AC Milan, mabingwa wa Ulaya wa mwaka ule. Kabla ya mechi waliusikia wimbo huo mjini, wakaanza kuziimba zile sauti saba bila ya maneno. Kisha timu yao, ambayo hakuna aliyeitarajia, ikashinda 1-0 kwa bao la Andrés Mendoza wa Peru. Wakarudi nao nyumbani kama nyara. Februari 2006 timu ya AS Roma ilikwenda Ubelgiji kucheza, Waitaliano wakausikia, wakauchukua, na kiangazi hicho Italia ilipotwaa Kombe la Dunia nchini Ujerumani wimbo ulikuwa vinywani mwa nchi nzima. Fainali ilichezwa tarehe 9 Julai, siku Jack aliyotimiza miaka 31. Watu waliokuwa wakiimba wengi wao hawakujua kama wimbo huo una mwenyewe. Hata washairi wetu wa kale wasiojulikana majina, ambao beti zao tunazighani mpaka leo, hawakupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 wakapewa tuzo mbili za Grammy, na hapo siwezi tena kuita habari hii habari ya mwanzo wa bendi.

Yaliyobaki nitayasema kwa ufupi. Walitoa santuri nyingine mbili kubwa. Septemba 2007 safari yao ikavunjwa kwa sababu Meg alikuwa amepatwa na wasiwasi uliomzuia kusafiri, na tarehe 2 Februari 2011 wakatangaza kwamba bendi imekwisha. Meg akanyamaza kabisa. Jack akaendelea na muziki, na kampuni yake ya santuri akaiita Third Man, jina la karakana ya makochi.

Maneno juu ya ngoma za Meg hayakwisha. Machi 2023 mwandishi mmoja wa Marekani aliandika katika mtandao kwamba bendi ile ingekuwa bora zaidi lau ingekuwa na mpiga ngoma wa maana. Wapiga ngoma wenyewe walikuwa miongoni mwa waliomkemea, mpaka akaomba radhi. Na Jack, mume wa zamani, hakutoa taarifa wala hakuwaita waandishi. Alitunga shairi la kumsifu Meg akalichapisha pamoja na picha yake. Sisi tuliokulia kwenye kujibizana kwa mashairi tunaijua njia hiyo.

Tarehe 8 Novemba 2025 mjini Los Angeles bendi iliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki wa Marekani, Rock and Roll Hall of Fame. Aliyewatambulisha ni Iggy Pop, mzee wa roki wa Michigan, jimbo lao. Jack alisimama akapokea na kusema kwa ajili yao wote wawili. Meg hakuja.